Ajali Ina Kinga

Mwenye shamba alipokuja kumwona binamu yangu alileta mikate miwili, kilo mbili za sukari na sentensi moja. Mikate ililiwa siku hiyo hiyo. Sukari ikaisha baada ya wiki. Sentensi bado iko pale nyumbani, na ndiyo imenifanya niandike haya. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Ajali haina kinga, kijana wangu. Shukuru Mungu uko hai."

Wote tuliokuwa mle chumbani tukatikisa vichwa. Shangazi akasema amina. Hata mimi nilitikisa changu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: mzee akitoa methali, kijana anakubali.

Leo sikubali. Methali hiyo ni ya uongo, na si uongo wa bure. Kuna watu wanaopata faida kila inaposemwa, na kuna watu wanaolala kitandani kwa ajili yake.

Nieleze kilichotokea. Binamu yangu alikuwa juu ya mukima. Kama hujui Embu, mukima ndio ule mti wa grevilia unaouona kwenye mpaka wa karibu kila shamba, kuanzia Manyatta hadi Runyenjes, na ukivuka kwenda Chuka na Nkubu bado unakufuata. Asili yake ni Australia, na huku ulipandwa kwanza kuwapa kivuli chai na kahawa. Kila baada ya muda matawi yake hukatwa yawe kuni. Hakatwi na mashine. Anapanda mtu, pekupeku, panga limefungwa kiunoni, akikanyaga visiki vya matawi yaliyokatwa zamani kama ngazi. Malipo ni kwa mti. Siku hiyo ilikuwa shilingi mia mbili kwa mti, na alikuwa kwenye wa sita.

Ilikuwa Novemba, mvua ilinyesha usiku kucha. Kisiki alichokanyaga kilikuwa kimeoza ndani. Alikuwa kama mita nane kutoka chini. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa: mtu akianguka mita nane, inachukua sekunde moja na robo hivi, na anagonga ardhi kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa. Huwezi hata kumaliza kuita mama.

Waliokuwa karibu walimpenda, na kwa upendo huo wakamwongezea madhara. Walimshika makwapani wakamwinua, wakamkalisha kwenye boda boda katikati ya dereva na kijana mwingine wa kumshikilia, wakateremka naye barabara ya mawe hadi hospitali. Alikaa wima safari nzima, uti wa mgongo ukiwa umevunjika. Hatutajua kamwe ni kiasi gani cha uharibifu kilitokana na mti na ni kiasi gani kilitokana na pikipiki. Tunachojua ni kwamba hajatembea tena.

Sasa nije kwa upande wangu. Mimi ni mwandishi wa kukodiwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimeandikia tovuti za watu ambao sitawahi kuwaona: vidonge vya kupunguza unene, magodoro, mbwa. Wiki mbili kabla ya binamu yangu kuanguka nilikuwa nimepokea kazi ya makala kumi kuhusu kuruka kwa parachuti na kuhusu suti za mabawa, zile nguo za kitambaa kati ya mikono na miguu zinazomfanya mtu ateleze angani kama popo. Usalama, vifaa, mafunzo ya waliotangulia. Sijawahi kupanda ndege. Sehemu ya juu kabisa niliyowahi kufika ni ghorofa ya nne ya jengo moja pale Meru mjini. Lakini kazi ni kazi, nikasoma.

Kwa hiyo mchana nilikuwa nikimgeuza binamu yangu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na usiku nilikuwa nikisoma jinsi watu wanaoanguka kwa kupenda wanavyojilinda. Hapo ndipo hasira ilipoanza.

Mtu anayeruka kutoka ndege Diani, pale juu ya mchanga mweupe, mara nyingi ni mgeni aliyelipa makumi ya maelfu ya shilingi. Anapanda karibu futi elfu kumi, amefungwa kwa mwalimu wake kwa ndoano nne, mbili mabegani na mbili kiunoni. Mgongoni mwa mwalimu kuna parachuti kuu. Juu ya hiyo kuna parachuti ya pili, ya akiba. Juu ya hiyo ya pili kuna kompyuta ndogo inayopima kimo na kasi. Kompyuta ya namna hiyo inayojulikana zaidi ilitolewa Ujerumani mwaka 1991 na inaitwa Cypres. Ile wanayotumia warukaji wazoefu inafanya hivi: ukifika kama mita 225 kutoka ardhini na bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, inajua umezimia au umechanganyikiwa. Haikuulizi. Inakata kitanzi kinachofunga parachuti ya akiba, nayo inafunguka yenyewe.

Parachuti hiyo ya akiba, Marekani, hufunguliwa na kupakiwa upya kila siku 180 na fundi mwenye leseni, hata kama haijawahi kutumika. Fundi anaweka sahihi yake kwenye kadi. Yaani kuna mtu mwenye jina, ambaye siku ikikataa kufunguka ataulizwa.

Hesabu basi. Mtu anayeanguka kwa starehe ana parachuti mbili, kompyuta moja, ndoano nne na sahihi ya fundi. Mtu anayepanda mti kutafuta unga wa familia ana miguu mitupu na kisiki kilichooza.

Najua utakachosema: wale ni matajiri. Ni kweli, lakini kama umefikiria kwamba walizaliwa na vifaa hivyo, hujui historia yao. Mchezo huo ulianza ukiwa wa kipumbavu kabisa. Tarehe 4 Februari 1912, fundi cherehani mmoja wa Paris aitwaye Franz Reichelt alipanda mnara wa Eiffel akiwa amevaa koti la parachuti alilolishona mwenyewe. Ilitarajiwa atarusha sanamu ya mtu. Akaruka yeye, kutoka kama mita 57, mbele ya waandishi wa habari na kamera. Koti halikufunguka.

Miaka ya 1970 warukaji wa Marekani walikuwa wanakufa zaidi ya 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023, kwa hesabu ya chama chao, USPA, walikufa 10, na hiyo ni baada ya kuruka zaidi ya mara milioni tatu na nusu. Kilichobadilika ni nini? Mvuto wa dunia ni ule ule. Mungu ni yule yule. Na sidhani kama watu wa Marekani wanaomba kuliko mama zetu wa Kiritiri.

Kilichobadilika ni tabia moja tu: kila mtu alipokufa, waliuliza kwa nini, wakaandika jibu, wakalichapisha ili wengine wasome. Si kumwaibisha marehemu. Walitaka kujua alikuwa na kifaa gani, alifungua akiwa kimo gani, alivuta mpini gani kwanza, kamba ilijisokota wapi. Waligundua kwamba watu walikuwa wanakufa wakihangaika kuondoa parachuti kuu iliyojisokota ili wafungue ya akiba. Mmarekani mmoja, Bill Booth, akabuni pete tatu zinazoshikana kwa namna ambayo ukivuta mpini mmoja tu, parachuti mbovu inaachia. Waligundua kwamba watu wengine walikuwa wanakufa bila kuvuta chochote, ikaja ile kompyuta. Kila kipande cha vifaa mgongoni mwa mtalii wa Diani kina kaburi la mtu nyuma yake, na kaburi hilo lilisomwa.

Sisi makaburi yetu hatuyasomi. Tunayafunika kwa maua ya plastiki na kusema ajali haina kinga.

Nenda mazishi yoyote ya kijana aliyeanguka, uwe Embu au uwe Igembe kwenye mashamba ya miraa, usikilize wasifu wa marehemu ukisomwa. Utaambiwa alizaliwa lini, alisoma wapi, alibatizwa lini, alikuwa mcheshi. Ukifika mwisho utasikia "aliitwa na Bwana kufuatia ajali". Basi. Hutaambiwa mti ulikuwa na urefu gani. Hutaambiwa alikuwa analipwa ngapi, na nani, na kama aliwahi kupewa hata kamba. Mtu wa kwanza kukosa swali ni mwenye mti, na mara nyingi amekaa mstari wa mbele, ametoa mbuzi.

Ndiyo maana nasema uongo huu una faida. Ajali ikiwa haina kinga, basi haina mwenyewe. Na isipokuwa na mwenyewe, hakuna wa kulipa zaidi ya mikate miwili na sukari.

Ngoja nijibu hoja ninazozisikia kila nikiongea haya, maana nimeshaitwa mtoto wa mjini aliyesoma nusu nusu.

Ya kwanza ni ya Mungu. Mimi naenda kanisani, sitaki vita na mchungaji. Lakini hebu tuangalie daraja la Nithi. Anayesafiri kati ya Embu na Meru analijua: unateremka mteremko mkali, unakutana na kona, halafu daraja, na chini ni bonde. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa la kwanza. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wazima wakisema pale pana pepo, na maombi yamefanywa pale ya kufukuza mashetani. Sasa niambie: shetani gani huyu anayependa mteremko mrefu unaoishia kwenye kona, na hapendi barabara iliyonyooka? Hata pepo, inaonekana, wanafuata ramani ya mhandisi. Ombeni, naitikia amina. Lakini tukimaliza kuomba turekebishe barabara.

Hoja ya pili ni ya uzoefu. "Sisi tumepanda miti tangu utoto." Hata binamu yangu alisema hivyo, na alikuwa na haki ya kusema, maana alianza akiwa na miaka tisa. Hapa sasa wale watu wa suti za mabawa wana la kutufundisha. Mfaransa Patrick de Gayardon ndiye aliyeifanya suti ya mabawa ya kisasa iwezekane, miaka ya 1990. Alikuwa ameruka maelfu ya mara. Aprili 1998, kule Hawaii, alikufa kwa sababu ya mabadiliko aliyoyafanya mwenyewe kwenye mkoba wa parachuti yake. Kosa lilikuwa la ufundi. Uzoefu wake wote haukulirekebisha alipokuwa angani.

Mrusi Valery Rozov ndiye mwingine. Mwaka 2015 aliruka na suti ya mabawa kutoka Kilimanjaro, hapa jirani kwetu, zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari. Novemba 2017 alikufa Nepal akiruka kutoka mlima mwingine. Wanaoruka kutoka kwenye miamba hubeba parachuti moja tu, kwa sababu hakuna muda wa kufungua ya pili. Wanajua wameivua kinga moja, na wanajua bei yake. Nataja hili ili usidhani nasema mchezo wao ni salama. Si salama. Ninachosema ni kwamba wakivua kinga wanakufa, hata walio bora duniani, na wakiivaa wanakufa kidogo. Hiyo ndiyo maana ya neno kinga.

Kwa sababu hiyo USPA inasema mtu asivae suti ya mabawa kabla hajaruka mara 200 kwa njia ya kawaida. Ile suti inabana mikono. Parachuti ikifunguka vibaya, mkono hauzifikii kamba haraka mpaka ufungue zipu. Kwa hiyo mwanafunzi anaambiwa achague parachuti kubwa, tulivu, isiyo na haraka, na aache zile ndogo za kasi kwa siku nyingine. Angalia mpangilio: kadiri hatari inavyoongezeka, ndivyo kifaa kinavyochaguliwa kuwa cha upole zaidi. Sisi tunafanya kinyume. Mti ukiwa mrefu zaidi, tunatafuta kijana mwepesi zaidi. Kule Igembe, ile miti mizee ya miraa inayoheshimika kwa ladha yake, mbaine, utakuta aliye juu kabisa ni mvulana mdogo kuliko wote, kwa sababu tawi la juu halibebi mtu mzima. Tumemfanya mtoto kuwa kifaa.

Hoja ya tatu ni pesa, na hii siidharau. Mtu anayelipwa mia mbili kwa mti hawezi kununua vifaa. Sawa. Lakini swali si kama yeye anaweza. Swali ni kama mwenye mti anaweza. Hanesi, ule mkanda wa kufunga kifuani na mapajani, unauzwa madukani kwa shilingi elfu chache, na vijana wa mjengo Nairobi wanauvaa. Kamba nzuri ni bei ya kuni za miti kadhaa. Mtu mwenye miti 60 ya mukima na ng'ombe watatu wa gredi hana haki ya kuniambia umaskini ndio ulimwangusha binamu yangu. Tena kamba hiyo inaweza kununuliwa na chama, au na watu kumi wa kijiji, ikazunguka shamba hadi shamba kama vile pampu ya kunyunyizia dawa inavyozunguka. Tumeweza kuchanga maelfu ya hema la mazishi. Hatujashindwa kuchanga, tumechagua tuchange lini.

Halafu kuna sheria, ambayo husemwa kwa sauti ndogo kana kwamba ni tusi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mtu akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Miaka minane. Nilimweleza mwenye shamba mmoja haya, akacheka: "Huyo si mfanyakazi wangu, ni mtu wa kibarua tu." Hilo neno "tu" ndilo linabeba uchumi wote wa mashamba yetu. Kijana ni mfanyakazi anapotumwa juu, na ni mtu wa kibarua tu anapofika chini.

Hoja ya nne inaonekana ya akili kidogo: ukimpa mtu vifaa, atazidi kujiamini na kuhatarisha maisha. Hii si mpya. Yule Bill Booth mwenyewe alisema kwamba kadiri vifaa vinavyokuwa salama, ndivyo warukaji wanavyotafuta hatari mpya. Ni kweli, na tunaiona kila siku kwa vijana wa boda boda: helmeti imetundikwa kwenye usukani, dereva ana uhakika kwamba anayo. Lakini Booth hakuhitimisha kwamba warudi enzi za fundi cherehani wa Paris. Kifaa bila nidhamu ni pambo, ndiyo. Mtu asiye na kifaa hata pambo hana.

Sasa nifike kwa yale ninayoamini tunaweza kuanza kesho, bila kusubiri mwanasiasa aje na mabango.

Kwanza, acheni kupanda pale ambapo hakuna haja. Huko mbele ya kamba na mikanda ndiko kinga ya kweli iliko. Makadamia haipaswi kuchumwa mtini kabisa. Ikikomaa inaanguka yenyewe, unaokota. Anayepanda na kutikisa anavuna njugu changa ambazo hazijajaa mafuta, na ndiyo sababu serikali hufunga msimu wa kuvuna kila mwaka. Kwa hiyo kijana anayevunjika kiuno kwenye makadamia amevunjika kwa ajili ya bidhaa mbovu ya dalali mwenye haraka. Parachichi ina mti wake mrefu wa kuchumia, wenye kisu na kimfuko kwenye ncha, kaa chini. Na wenzetu wa Mbeere, mnaowacheka kwa sababu muguka wao ni vichaka, wamefanya jambo la busara kuliko sisi wote: mmea wao unachumwa mtu akiwa amesimama kwa miguu yake. Hakuna aliyeanguka kutoka kwa muguka.

Pili, pale ambapo lazima upande, ufungwe mara mbili. Si kamba ya kiunoni tu. Ukianguka na kamba ya kiunoni inaweza kukubana upumuaji na kukuumiza ndani. Hanesi ya kifua na mapaja. Kamba ifungwe juu yako, kwenye shina zima, wala si kwenye tawi unalolikata. Na ukitaka kupita tawi, kwanza ufunge ya pili ndipo ufungue ya kwanza, ili kusiwe na hata sekunde moja ambapo huna kitu. Hiyo ndiyo parachuti yetu ya akiba. Haihitaji kompyuta.

Tatu, mti uliolowa haupandwi. Warukaji hukaa chini siku nzima upepo ukiwa mbaya, na walishalipa. Hawacheki anayekataa kuruka. Sisi anayekataa tunamwita mwoga, tunampa kazi mwingine. Ningependa tuelewane: kijana anayetazama mukima asubuhi ya Novemba akasema "leo hapana, mzee" ndiye fundi, na alipwe siku nyingine kwa bei ile ile.

Nne, mtu akianguka usimwinue. Najua ni vigumu, analia, anakuita kwa jina. Mwache alale alivyo kama hakuna hatari nyingine pale. Mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Mtafute mlango, ubao mpana, kitanda cha mbao, na watu watano au sita wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa. Kisha mpakie kwenye pikapu akiwa amelala. Hata ile ya kubeba miraa, ambayo mwendo wake tunaujua, dereva aambiwe aende polepole mara moja katika maisha yake. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokumbuka kutoka kwa makala hii, kiwe hiki: usimkalishe kwenye boda boda.

Tano, tuandike. Naomba naibu chifu wa kila kata ndogo awe na daftari. Si fomu ya serikali yenye kurasa saba, daftari la shule. Kila anayeanguka, afe au apone, iandikwe: mti gani, urefu gani, hali ya hewa, alikuwa amefungwa na nini, alibebwa vipi, kazi ilikuwa ya nani. Barazani isomwe kwa sauti. Baada ya miaka miwili tutajua mambo ambayo leo hakuna anayeyajua. Huenda tukakuta kwamba wengi huanguka mti wa mwisho wa siku, wakiwa wamechoka. Huenda tukakuta ni visiki vilivyooza. Huenda tukakuta jina moja la mwenye shamba linajirudia mara nne. Na nadhani hapo ndipo upinzani utatoka, kwa wenye majina.

Nilimaliza zile makala kumi, nikalipwa. Pesa zilinunua godoro la hewa la kuzuia vidonda. Mteja alisifu ile ya parachuti ya akiba, akasema imeandikwa kwa hisia. Sikumwambia nilikuwa naandika wapi.

Juzi nilimsomea binamu yangu hii makala kabla ya kuituma. Nilitaka ruhusa yake, kwa sababu mgongo ni wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kompyuta ile ndogo ni pesa ngapi. Nikamwambia ni zaidi ya laki moja. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi hata kamba ya ng'ombe ingenitosha. Na ilikuwa pale, imefungwa ng'ombe."

Mwenye shamba naye ameshapata kijana mwingine. Wiki iliyopita nilipita pale nikamwona juu, karibu na kilele, pekupeku. Nilimwita ashuke. Akanicheka, akaniambia, "Wacha woga, buda. Ajali haina kinga."